Kupanga Picha kwa Siku Zilipopigwa

Alhamisi moja jioni nilikuwa nafunga studio yangu hapa Kondele, Kisumu, mama mmoja wa Ahero akaingia, vumbi la safari likiwa bado kwenye viatu. Baba yake alikuwa amefariki. Mazishi yalikuwa Jumamosi, na kijitabu cha mazishi kilitakiwa kwa mchapishaji Ijumaa kabla ya saa mbili asubuhi.

"Kijana wangu," akaniambia, "wewe ndiye uliyepiga harusi ya mdogo wangu. Kuna picha Mzee anacheka, ameshika kofia yake. Hiyo ndiyo tunataka ikae mbele."

Picha hiyo niliikumbuka vizuri. Nikamwambia aketi, ni dakika kumi tu. Saa tano usiku alikuwa bado ameketi, na mimi bado natafuta. Kijitabu kilitoka na picha ya kitambulisho iliyokuzwa hadi uso wa Mzee ukawa vijisanduku vitupu.

Na picha ilikuwepo. Tatizo ni kwamba diski yangu ya zamani ilikuwa imekufa, fundi akaziokoa faili, zikarudi bila majina yake ya kwanza na zote zikiwa na tarehe ya Jumatano ile alipoziokoa. Picha elfu arobaini na moja, zote za siku moja. Nilichukua miezi kadhaa kuzirudisha mahali pake, na ninayoeleza hapa ndiyo niliyoyajua nikiifanya kazi hiyo.

Tarehe ya nje na tarehe ya ndani

Faili ya picha ina tarehe za nje, zinazowekwa na kompyuta: siku faili ilipoundwa kwenye diski hiyo, na siku ilipobadilishwa mara ya mwisho. Hizi ni kama muhuri wa posta juu ya bahasha. Ukinakili picha kwenda diski nyingine, siku ya kuundwa inakuwa leo. Ukiizungusha ikae wima kisha ukaihifadhi, siku ya kubadilishwa nayo inakuwa leo. Ndiyo maana mtu anafungua folda ya harusi ya mwaka juzi na kuona zote zimeandikwa wiki iliyopita.

Tarehe nyingine iko ndani ya picha yenyewe. Kamera huiandika pale pale unapobonyeza, pamoja na modeli ya kamera, lenzi na kasi ya shata. Utaratibu huo wa kuandika unaitwa Exif, na tarehe tunayoitaka inaitwa DateTimeOriginal. Ukiifungua inasomeka hivi: 2020:12:19 15:40:00. Bahasha inaweza kugongwa mihuri hata kumi, barua iliyo ndani haibadiliki.

Kama unatumia Windows, huhitaji programu yoyote kuiona. Bofya picha kwa kitufe cha kulia, ingia "Properties", kisha "Details", utaona mstari wa "Date taken". Ukitaka folda nzima ijipange kwa tarehe hiyo, weka folda ionyeshe orodha ya maelezo, bofya kulia juu ya vichwa vya safu, chagua "Date taken", kisha bofya kichwa hicho cha safu. Usichanganye na "Date modified" wala "Date created", ambazo ndizo tarehe za bahasha. Kuna watu ambao shida yao inaishia hapa, na kama ni wewe, nenda zako kanywe chai. Mimi yangu haikuishia hapo.

Saa ya kamera inaweza kudanganya

Kamera huandika saa inayoijua. Kama saa yenyewe ni mbovu, tarehe ya ndani nayo ni mbovu, tena imeandikwa kwa uhakika wote.

Ndani ya kamera kuna kibetri kidogo kinachoshikilia saa, nacho huchajiwa na betri kubwa. Ukiitoa betri kubwa na kuiweka kamera kabatini miezi mingi, kile kidogo huisha na saa hurudi mwanzo. Korona ilipoingia Machi 2020 kazi zilikatika, nami nikaitupa kamera yangu ya pili kwenye droo bila betri. Niliitoa Desemba, asubuhi ya harusi ya Ahero, nikaweka betri nikakimbia. Alama ya saa ilikuwa inamemeta kwenye kioo, sikuijali. Kwa kamera hiyo, siku ile ilikuwa tarehe 1 Januari 2013 na usiku wa manane ndio kwanza umepita.

Dawa ya kosa hili ni kutafuta tendo moja lililopigwa na vyombo viwili, kimoja ukiwa unakiamini. Simu hupata saa kutoka kwa mtandao, kwa hiyo simu ndiyo shahidi wangu. Dada wa bibi harusi alikuwa amepiga keki ikikatwa: simu yake ilisema 19 Desemba 2020, 15:40. Kamera yangu, kisu kile kile kikiwa kwenye keki ile ile, ilisema 1 Januari 2013, 06:52. Ukitoa moja kwa nyingine unapata miaka 7, miezi 11, siku 18, saa 8 na dakika 48. Huo ndio uongo wa kamera, na uzuri wake ni kwamba ni uongo usiobadilika siku nzima. Ukiujua kwa picha moja, umeujua kwa zote.

Kosa la pili ni letu sisi wasemaji wa Kiswahili, na sijaliona kwenye maelekezo ya kamera yoyote. Binamu yangu hunisaidia siku za kazi nyingi. Nilimwambia apange saa ya kamera, akatazama ukutani, ilikuwa saa tatu na dakika kumi asubuhi. Akaandika 03:10. Kamera haijui Kiswahili, ilitaka 09:10. Nilipochanganya picha za kamera mbili, bibi harusi akaingia kanisani saa kumi na moja alfajiri, kisha saa nne baadaye akaanza kusukwa nywele. Siku hizi binamu anajua: mchana na usiku, tofauti ni sita. Picha zikikaa mbele au nyuma kwa saa sita kamili, usihangaike kutafuta sababu nyingine.

Ili nisirudie kosa, kabla ya kila kazi ninapiga picha moja ya kioo cha simu kikionyesha tarehe na saa, kwa kila kamera itakayotumika. Picha hiyo haipendezi na mteja haioni, lakini kesho yake ikitokea saa ni mbaya, hesabu yangu iko tayari.

Kurekebisha kwa ExifTool

Programu ninayotumia inaitwa ExifTool. Iliandikwa na Phil Harvey wa Canada, imekuwepo tangu 2003, na ni ya bure. Haina vitufe vya kupendeza. Unaiandikia amri kwenye dirisha jeusi. Kama dirisha jeusi linakutia hofu, digiKam nayo ni ya bure na ina picha za kubofya, ila kwa picha elfu arobaini mimi nilitaka kitu cha kuamrishwa mara moja. Kwenye mfumo wa Ubuntu, ExifTool inaingia kwa jina la libimage-exiftool-perl. Kwenye Windows, fungua kifurushi chake, ubadilishe jina la exiftool(-k).exe liwe exiftool.exe, na usiitenganishe na folda yake ya exiftool_files. Viweke vyote viwili ndani ya folda yenye kazi yako, kisha andika cmd kwenye mstari wa anwani wa folda hiyo, dirisha litafunguka papo hapo.

Ya kwanza ni kutazama tu, bila kugusa kitu:

exiftool -r -DateTimeOriginal -Model .

Nukta ya mwisho inamaanisha folda hii uliyomo. Utaona kila picha, tarehe yake na kamera iliyoipiga. Jina la kamera ndilo lililoniokoa, kwa sababu niliweza kuzitenga picha za kamera ya pili katika folda yake, kamera2, kabla ya kusahihisha. Usisahihishe folda iliyochanganyika, utaharibu zilizo sawa.

Kisha nikausukuma wakati mbele:

exiftool "-AllDates+=7:11:18 8:48:0" kamera2

Yale ya binamu yalihitaji saa sita tu, yaani "-AllDates+=6". ExifTool huiacha kila faili ya zamani pembeni ikiwa na neno _original mwishoni, kwa hiyo ukikosea unaweza kurudi. Zifute baada ya kuangalia, na si usiku huo huo ukiwa umechoka.

Jina la faili

Tarehe ikishakuwa sahihi ndani, ninaitoa nje niiweke kwenye jina. Jina halibadiliki ukinakili faili, na linasomeka hata kwenye simu ya mteja.

Mwaka utangulie, kisha mwezi, kisha siku. Zamani niliandika kama tunavyosema, 05-12-2018, na kompyuta, ambayo husoma kutoka kushoto kama kamusi, ikaweka tarehe tano zote pamoja: harusi ya tarehe tano Desemba, mazishi ya tarehe tano Machi, mahafali ya tarehe tano Julai ya mwaka mwingine kabisa. Ukiandika 2018-12-05, mpangilio wa herufi na mpangilio wa siku vinakuwa kitu kimoja.

exiftool -d "%Y-%m-%d_%H%M%S_%%f.%%e" "-TestName<DateTimeOriginal" kazi

Amri hii ni ya majaribio: inakuonyesha majina yatakavyokuwa bila kubadilisha lolote. Ukiridhika, badilisha TestName iwe FileName. Kwa picha ambayo haijapoteza jina lake la kamera, matokeo ni kama 2020-12-19_154000_DSC_4471.JPG. Nimeacha namba ya kamera mwishoni kwa makusudi. Wateja wengine huja na karatasi ya zamani wakisema "nataka 4471", na pia ukipiga picha tano ndani ya sekunde moja, namba ndiyo inayojua ipi ilitangulia. Lakini namba peke yake haitoshi: kamera ikifika 9999 inaanza upya 0001, kwa hiyo mpiga picha wa miaka mingi ana DSC_4471 kadhaa, na ukizitia kwenye folda moja zitagombana.

Folda zangu ni mwaka, ndani yake siku na tukio: 2020, kisha 2020-12-19 Harusi Ahero. Kuna swali la mkesha. Huku kwetu mazishi huanza usiku wa kuamkia siku yenyewe, na picha za saa nane usiku zina tarehe mpya tayari. Tarehe ya ndani siigusi, 02:00 ibaki 02:00 ya Jumamosi. Folda ndiyo inachukua siku shughuli ilipoanza, ili mkesha usikatwe katikati.

Picha za WhatsApp, na video

Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na kuondolewa tarehe yake ya ndani. Inabaki na jina kama IMG-20191026-WA0012.jpg, na hiyo 26 Oktoba 2019 ni siku ilipopita WhatsApp. Shangazi akikutumia leo picha ya ubatizo wako, kwa WhatsApp ulibatizwa leo. Ninapoomba picha za wageni, ninawaambia wabonyeze alama ya kibanio, wachague "Document", kisha wachague picha kutoka hapo. Inafika nzima na tarehe yake. Bando inaliwa zaidi, nakubali.

Video nazo zina lao. Simu nyingi huandika wakati wa video ndani yake kwa saa za UTC, yaani saa ya kimataifa, na Kenya tuko saa tatu mbele. Video ya saa saba usiku itaonekana ya saa nne usiku wa siku iliyotangulia. ExifTool inalijua hilo: ongeza -api QuickTimeUTC kwenye amri, na utumie CreateDate badala ya DateTimeOriginal.

Picha zisizo na tarehe kabisa

Hapa ndipo ninapopapenda, ingawa hapalipi. Nyanya yangu wa Maseno ana bati la biskuti lililojaa picha za karatasi. Ukizipitisha kwenye skana, zinapata tarehe ya leo, nawe inabidi uwe mpelelezi.

Geuza picha kwanza. Mhuri wa studio na mwandiko wa kalamu ni bora kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote. Namba za rangi ya chungwa zilizochapwa pembeni ziamini nusu. Hata kamera za filamu zilisahau saa, na kwenye bati hilo nina sikukuu tatu tofauti zote zikidai ni 1 Januari '98.

Kisha tazama vitu, si watu. Kwenye harambee, noti ya elfu moja yenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta haiwezi kuwa ya baada ya 30 Septemba 2019, siku yake ya mwisho kutumika, na noti mpya haziwezi kuwa za kabla ya 1 Juni 2019 zilipozinduliwa. Watu wa soko la Kibuye wakibeba mifuko ya plastiki mikononi, ninaanza kufikiria kabla ya 28 Agosti 2017, marufuku ilipoanza. Barakoa kwenye kila uso mtaani: kati ya Aprili 2020 na Machi 2022. Maji ya ziwa yakiwa ndani ya vibanda vya Dunga, naanzia 2020. Mabango ya wagombea ukutani yananipeleka kwenye chaguzi: 4 Machi 2013, 8 Agosti 2017, 9 Agosti 2022, ila bango linaweza kuzeeka ukutani, kwa hiyo tazama kama limechanika. Gari lenye namba ya KD halikuwepo 2015.

Na mtoto aliyebebwa ndiye kalenda bora. Nyanya hakumbuki mwaka wowote, lakini ukimuuliza "huyu anayenyonya ni nani?" anakutajia jina, nawe unajua siku mtoto huyo alipozaliwa. Nenda na kinasa sauti cha simu, umwache azungumze. Nilipata majira ya picha kumi na nne kwa kikombe kimoja cha chai, na pia nikajua ni nani alikataa kusimama karibu na nani.

Ukishapata tarehe, iandike ndani:

exiftool "-AllDates=1987:08:01 12:00:00" picha.jpg

Saa nisiyoijua ninaandika 12:00:00, siku nisiyoijua ninaandika 01, na ninajua kwamba saa sita mchana kamili ya tarehe mosi maana yake ni "nimekisia". Kwenye jina la faili ninakuwa mkweli zaidi: 1987-08-00 kama najua mwezi tu, 1987-00-00 kama najua mwaka tu. Sufuri zinazipeleka mwanzoni mwa mwezi au mwaka, mahali ninapoziona na kuzirudia nikipata habari mpya.

Nakala sitasema mengi. Diski mbili, na moja isilale nyumba moja na nyingine. Yangu ya pili iko Maseno kwenye kabati la nyanya, haijachomekwa popote, maana radi za huku mnazijua. Ninaibadilisha kila nikienda kumsalimia, jambo ambalo limenifanya niende mara nyingi zaidi.

Picha ya Mzee ilitokea wiki ya tatu baada ya mazishi. Nilikuwa nimeisukuma ile folda ya kamera ya pili kutoka 2013, nikaipanga upya, na dakika kumi na mbili baada ya keki akatokea: 2020-12-19_155212. Barakoa imeshuka kidevuni, kofia mkononi, anacheka na mtu asiyeonekana kwenye picha. Niliichapa kubwa, nikaandika tarehe na saa nyuma kwa penseli, nikapanda matatu ya Ahero.

Mama yule aliigeuza kwanza akasoma nyuma. "Saa kumi kasoro dakika nane," akasema, kisha akaigeuza tena akamtazama babake kwa muda. "Alikuwa ameshakula. Kabla ya chakula hakuwa anacheka hivi."